Bushi za IST yangu: fundi wa Reli, Mtwara, aliyekataa kukaza bolti gari likiwa juu

Kama unaendesha IST, Vitz au kigari kingine kidogo cha Kijapani hapa Mtwara na chini kunagonga, nakuomba usinunue shokapu kabla hujasoma haya. Mimi nilinunua. Mbili za mbele, laki moja na tisini elfu, Julai mwaka jana. Siku hiyohiyo narudi nyumbani Chuno, kwenye tuta la kwanza tu, sauti ikanipokea ileile.

Niieleze hiyo sauti, maana ndiyo iliyonipotezea hela. Haikuwa ile ya kokoto kwenye debe, kaka-kaka-kaka, ambayo mara nyingi ni stabi linki, kile kifimbo kinachounganisha gurudumu na chuma cha kuzuia gari lisilale upande. Hii ilikuwa moja, nzito, inatoka chini ya miguu yangu upande wa kushoto: ndu! Inakuja gurudumu moja likipanda tuta peke yake, au nikikanyaga breki kwa ghafla. Nikifunga breki, usukani nao unavutwa kidogo kushoto, kama mtoto anayekuvuta kanga sokoni. Nikaja kugundua tairi la kushoto linalika upande wa ndani, limebaki kipara wakati upande wa nje bado una meno.

Gari langu ni IST ya mwaka 2004, injini ya 1.3, nambari ya chesisi inaanzia NCP60. Nilinunua 2019. Mimi nabangua na kukaanga korosho, nafungasha, kisha kila Alhamisi napeleka Lindi mjini, na njiani naacha mzigo Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Masasi. Maboksi manane ya kilo ishirini nyuma, kiti cha nyuma kimelazwa. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita mia mbili. Barabara ni ya lami, ndiyo, ila ni lami inayobeba malori ya makaa ya mawe na ya korosho yanayoshuka bandarini, na msimu ukichanganya, kuna sehemu lami imejikunja kama mkeka. Kigari cha tani moja ukikipitisha hapo kila wiki, kitakachoumia kwanza ni mpira.

Na bushi ni mpira. Hili nililijua kwa kuchelewa. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chini, ambao mafundi wote huuita loa amu, na huo mkono umefungwa kwenye gari kwa bushi mbili: ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Bushi ni bomba la chuma nje, bomba dogo la chuma ndani, na katikati mpira ulioshikamana na chuma pande zote mbili. Mpira ndio unaoruhusu gurudumu kupanda na kushuka, na ndio unaolizuia lisiende mbele na nyuma. Ukipasuka, mkono unabaki unacheza, chuma kinakutana na chuma, na hapo ndipo inatoka ile ndu.

Baada ya shokapu nilikwenda gereji ya pili, jina silitaji. Hao angalau waliona kwamba ni bushi. Wakaniuzia nne kwa elfu arobaini zote, ufundi elfu thelathini, wakazigonga kwa nyundo juu ya kipande cha chuma, ndani ya saa tatu kazi imekwisha. Nilifurahi, sauti ilikuwa imepotea kabisa. Hiyo ilikuwa Septemba. Kabla ya Krismasi imerudi, tena kubwa kuliko mwanzo, na mimi niko katikati ya msimu, simu za wateja haziishi. Nilimaliza Desemba naendesha kwa hofu, naogopa kufunga breki nikiwa na mzigo.

Aliyenielekeza kwa huyu fundi wa Reli ni dereva wa bajaji anayenibebea magunia. Gereji yake haina bango. Ni kontena la bluu lililochujuka, chini ya mwembe, ndani ya mtaa wa Reli. Wageni wanaouliza reli yenyewe iko wapi wajue ilikuwepo, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikang'olewa miaka ya 1960, likabaki jina. Fundi ni mzee wa kama miaka sitini, na ana vijana wawili. Nilifika Jumatatu ya pili ya Januari, saa mbili kasoro asubuhi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Gari inasemaje?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na fundi mwingine. Wengine wananiuliza nataka kubadilisha nini. Nikamweleza yote, na shokapu mpya na bushi mpya. Hakulinyanyua. Alikaa kiti cha abiria, akaniambia niendeshe mpaka karibu na Uwanja wa Nangwanda Sijaona na kurudi, amefungua kioo, kichwa kimeinama upande wa nje. Hakuzungumza njia nzima. Tuliporudi akashuka, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, akaniambia nishike breki kwa nguvu, niweke gia ya D, halafu R, halafu D tena, taratibu, bila kuachia breki.

Kisha akamwita kijana akae mahali pangu ili nije nione mwenyewe. Gurudumu limefungwa breki, halizunguki, lakini kila gia ikibadilika linahama zima-zima, mbele kidogo, nyuma kidogo, ndani ya uwazi wa bodi. Kama upana wa kidole changu kidogo. Nililitazama mara tatu. Wiki zote hizo nimekuwa nakwenda Lindi na gurudumu lisiloshikwa.

Ndipo akalinyanyua, akaweka stendi mbili chini (hategemei jeki peke yake, na hilo nalihesabu kwenye alama zake), akachomeka mtaimbo kati ya mkono na fremu, akasukuma. Bushi kubwa ya nyuma ikafunguka kama mdomo wa samaki. Mpira ulikuwa umeachana na chuma karibu nusu mzunguko, na ndani ya ule ufa mlikuwa na vumbi jekundu lililoganda. Hii ni bushi ya miezi mitatu. Akaikwaruza kwa ukucha, vipande vyeusi vikamjaa kidoleni, vinameguka kama mkate wa jana. "Mpira huu haukuwa mpira," akasema, "lakini hata ungekuwa mzuri, walivyofunga ungekufa tu." Sikuelewa siku ile. Nilielewa keshokutwa yake.

Kuhusu spea, alinipa njia tatu. Kwanza, mkono mzima wa mtumba kutoka Japani, unakuja na bushi zake. Bei nzuri, lakini mpira wake una umri wa gari lilikotolewa, nawe huujui. Pili, mkono mzima mpya, ambao bushi zake akasema zinategemea bahati. Tatu, bushi peke yake za kampuni inayoeleweka, zishindiliwe kwenye mikono yangu ya asili, kwa sababu chuma chake bado kizima. Kwenye duka moja hapa mjini waliwahi kunionyesha bushi nyekundu ngumu za poliyurethani, aina ya plastiki, na kuzisifia kwamba hazifi. Nilipomuuliza akasema zipo na zina kazi yake, ila ni ngumu, zinaleta mtetemo kwenye bodi na zikikosa grisi zinalia. Kwa gari la kubebea mzigo wa mama kwenye barabara mbaya, yeye anataka mpira. Nikachagua ya tatu.

Duka la kwanza nililokwenda walinipa za Vitz, wakaniambia zinaingiliana. Ni kweli IST na Vitz ya zamani ni ndugu, zimejengwa juu ya msingi mmoja, lakini fundi alikuwa amenikabidhi bushi kuukuu moja mfukoni na akanionya nisilipe kabla ya kupimisha. Tulizipima kwa rula ya shule ya mtoto wa muuzaji. Kubwa zilikuwa tofauti kwa milimita mbili. Nikaziacha, nikapiga simu Kariakoo, nikatuma picha ya kibati cha chesisi, zikapakiwa kwenye basi jioni, alfajiri ya Jumatano nimezipokea stendi. Mbili ndogo elfu kumi na nane kila moja, mbili kubwa elfu thelathini na mbili kila moja, nauli ya kifurushi elfu tano. Kusini tunategemea barabara moja kwa kila kitu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ikakatika kule Somanga, kifurushi kama hiki kingekaa Dar mpaka nichoke. Safari hii barabara ilikuwa nzima, namshukuru Mungu.

Kazi yenyewe niliikalia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kiti cha mteja hakuna. Bolti ya mbele ya upande wa kushoto ilikataa. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na bolti ile ilikuwa imeota kutu ikashikana na bomba la ndani la bushi, inazunguka na bushi yake bila kutoka. Hapa ndipo wengine huleta nyundo kubwa. Yeye aliipaka mafuta, akaiacha, akaenda kufanya upande wa kulia, akarudi, akaipaka tena, akaizungusha robo mbele robo nyuma, robo mbele robo nyuma. Ilitoka baada ya saa nzima, imelika katikati kama muwa uliotafunwa. Akaitupa, akanituma nikanunue mpya mbili, za kulia na kushoto, elfu sita kila moja. Kijana mmoja alisema ile ya zamani ingefaa kwa muda. Mzee hakumjibu, aliichukua tu akampa mkononi.

Kabla ya kutoa bushi kuukuu alichora kwa chaki. Bushi kubwa haijajaa mpira kote. Ina matundu mawili yaliyoachwa makusudi, ili iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Matundu yakikaa pembe isiyo yake, bushi inakuwa ngumu inapotakiwa kulegea na kulegea inapotakiwa kushika. Lakini chaki yake hakuifuatisha bushi iliyokuwemo, akisema waliotangulia waliipachika vibaya. Alifuata alama iliyo kwenye chuma cha mkono wenyewe. Nilizichungulia hizo bushi za Septemba: kushoto matundu yalikuwa yanatazama huku, kulia yanatazama kule. Gari moja, mikono miwili, kila mmoja na akili yake.

Presi, mashine ya kushindilia bushi, fundi hana. Tulibeba ile mikono kwenye bajaji mpaka kwa jamaa wa kuchomelea, ambaye ana mashine ya presi, elfu tano kwa kila bushi. Bushi inaingia polepole, imelalia sawa, inalia kidogo, tik, tik, mpaka ukingo unakaa. Dakika tano kila moja. Hakuna iliyopigwa nyundo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote. Mikono imerudishwa, bolti zote zimepenyezwa, nati zimewekwa. Ilikuwa saa kumi jioni na nilikuwa nimeshasimama kukung'uta kanga nikijua tumemaliza. Kijana akachukua spana akaanza kukaza, gari bado liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Mzee akamshika mkono.

"Acha. Gari likae chini kwanza."

Nikauliza kuna tofauti gani, bolti si ni bolti. Akachukua bushi mpya ndogo iliyobaki ya gari jingine, akanipa, akaniambia nishike bomba la nje kwa mkono mmoja na nizungushe la ndani kwa mwingine. Lilizunguka kidogo sana, kisha likanirudisha. Ule mpira umegundishwa na chuma, hauzunguki kama beringi, unajipinda tu. Bolti ikikazwa, bomba la ndani limefungwa hapo milele. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, ukishusha gari mpira unajipinda na kubaki umejipinda usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukikuta shimo, unapinda tena juu ya kule kujipinda. Ndiyo maana unapasuka.

"Mama, wewe ukijifunga kanga umechuchumaa, ukisimama inakuwaje?"

"Inanibana."

"Basi na bushi hivyo hivyo."

Nikakumbuka Septemba. Gari liko juu kwenye jeki, kijana anakaza kwa nguvu zake zote, bomba refu limeongezwa kwenye spana, mimi nampongeza.

Alitoa vipande vinne vya mbao nene, akaviweka chini ya matairi yote manne ili gari likae usawa wake wa kawaida na bado apate nafasi ya kuingia. Akaniambia nitoe maboksi mawili niliyokuwa nimeyasahau kwenye buti. Akalisukuma gari juu chini, mbele na nyuma, mara kama kumi, likatulia. Ndipo akalala chini na toki, ile spana inayolia ta! ukazo ukifika. Ta, ta, ta, ta. Alitoka mgongo mzima umejaa mchanga.

Ufundi alinitoza elfu hamsini. Jumla yangu yote, pamoja na bushi, kifurushi, bolti, presi na elfu thelathini za alaimenti (kupanga magurudumu yakae sawa) niliyofanya kesho yake kwenye duka la matairi, ni laki mbili na elfu kumi na saba. Alaimenti usiiruke: mikono ikishaguswa, magurudumu hayawezi kuwa pale yalipokuwa. Mashine ilionyesha gurudumu la kushoto lilikuwa limetoka kweli kweli.

Leo ni miezi sita. Kilomita zilikuwa 187,340 siku ile, asubuhi hii zimesoma 194,100. Nimepita masika yote na mashimo yake. Sauti hakuna. Nikifunga breki na maboksi manane nyuma, usukani unakaa katikati hata nikiulegeza. Tairi jipya la kushoto linalika sawa, nalipima kwa sarafu ya shilingi mia kila Jumapili, ndani, katikati na nje. Mwezi uliopita nilipita kwake akanyanyua bila kunitoza, akachomeka mtaimbo palepale. Mpira ulinyooka ukarudi, umeshikamana kote. Nilifurahi kama nimeonyeshwa picha ya mtoto wangu.

Mapungufu yapo, na mengine yaliniudhi. Aliniahidi siku moja, ikawa mbili na nusu. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari siku nzima, kwa hiyo ukitaka kujua chochote lazima uende. Risiti hakuna, nilimwomba akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, nikaridhika nayo kwa sababu ni mimi, lakini mwenye gari la ofisi itamsumbua. Choo utaomba kwa majirani. Na mwembe ule, msimu wa maembe, unadondosha matunda juu ya bodi, IST yangu ina alama moja ya duara kwenye boneti. Vijana wake pia hawajaiva: asingekuwepo mwenyewe jioni ile, bolti zangu zingekazwa gari likiwa juu. Kwa hiyo ukienda, hakikisha mzee yupo, na usiondoke kabla hujaona matairi yamekanyaga kitu wakati bolti zinakazwa. Swali hilo unaweza kumuuliza fundi yeyote popote, Lindi, Masasi au Newala, kabla hujamwachia ufunguo: unakaza bushi gari likiwa wapi?

Aliponikagulia mwezi uliopita alinionyesha pia bushi mbili za ekseli ya nyuma. Zina nyufa ndogo ndogo juu juu, bado zinashika, akasema zinaweza kumaliza mwaka lakini zisibebeshwe msimu mwingine wa korosho. Nimeshaziagiza. Zinaingia na basi la Ijumaa, na Jumamosi saa moja na nusu nitakuwa chini ya mwembe, buti tupu.